Songwe Ipi? Maelezo ya Zana za Akili Unde na Data za Mpakani

Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Uwanja wa Ndege wa Songwe ulibaki Mbeya. Mkoa mpya una Wilaya ya Songwe, lakini makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi. Mto Songwe unatenganisha Tanzania na Malawi, na ng'ambo ya Kasumulu kituo cha mpakani cha Wamalawi nacho kinaitwa Songwe. Mkazi wa Tunduma, mji wa mpakani mkoani humo, anayajua haya bila kufundishwa. Wakala wa akili unde anayetumwa kukusanya yanayosemwa mitandaoni kuhusu Songwe hana budi kuelezwa, na pa kumwelezea ni kwenye maelezo ya zana anayokabidhiwa.

Wakala huyo ni modeli ya lugha iliyopewa zana: moja ya kutafuta machapisho, nyingine ya kusoma maoni, nyingine ya kuhesabu. Kwa kawaida modeli haioni msimbo wa zana hizo. Inachokiona ni jina, aya ya maelezo na orodha ya vigezo, basi. Utaratibu huu umeenea, hasa tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya Model Context Protocol ya kuunganisha modeli na zana Novemba 2024, ila maelezo yenyewe mara nyingi huandikwa kwa pupa: "Hutafuta machapisho ya mitandao ya kijamii." Sentensi hiyo ni ya kweli na haimsaidii yeyote. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya maelezo ya zana itumike kutaja kile zana isichokiona, na kuonya ni hitimisho gani lisitolewe kutokana na majibu yake.

Tuanze na saa. Tunduma na Nakonde ya Zambia zinafanya biashara kama mji mmoja, na tangu 2019 zina kituo cha pamoja cha ukaguzi, lakini Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mtanzania akiandika kwamba foleni ya malori imeanza saa mbili asubuhi, dereva wa Zambia aliye kwenye foleni hiyohiyo ataandika 07:00, na seva itahifadhi 05:00 kwa muda wa UTC. Tukio ni moja, namba ni tatu. Maelezo yanayofaa yangesema hivi: "Muda unaorudishwa ni wa UTC, ongeza saa tatu kupata wa Tunduma, mbili kupata wa Nakonde. Saa zilizotajwa ndani ya chapisho hazijageuzwa. 'Saa mbili' ya Kiswahili kwa kawaida ni 08:00 au 20:00."

Kigezo cha mahali kina mtego mbaya zaidi. Mara nyingi kinasoma alichojaza mtumiaji kwenye wasifu wake, wala si mahali alipo. Dereva aliyejaza "Dar es Salaam" na kukwama Tunduma siku tatu hataonekana kabisa, ilhali mzaliwa wa Mbozi anayeishi Dodoma lakini amejaza Songwe atahesabiwa kuwa shahidi wa foleni. Wapo wanaosema modeli kubwa zinajua jiografia, hivyo maelezo marefu ni kupoteza nafasi na fedha. Nafasi ina gharama, nakubali. Lakini modeli inaweza kuijua Songwe yote, mto hadi uwanja wa ndege, isijue kigezo hicho kinasoma wapi. Hilo analijua aliyeitengeneza zana. Kama ni kupunguza maneno, zianze kuondoka sifa za zana.

Jambo zito kuliko yote ni jibu tupu. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania Mei 2025, na siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba mwaka huohuo, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Zana ikiulizwa Tunduma ilisema nini siku hizo, italeta machache au isilete kitu, na wakala asiyeonywa ataripoti kwamba hali ilikuwa shwari. Zana iseme waziwazi kama imekosa machapisho, imekataliwa na jukwaa au imefikia kikomo cha malipo. Twitter, ambayo sasa ni X, ilifuta huduma ya bure ya kuchota data mwaka 2023, na Meta ikafunga CrowdTangle, zana yake ya kufuatilia machapisho, Agosti 2024, kwa hiyo hata siku za kawaida zana inaona sehemu tu. Makundi ya WhatsApp ya madereva na mawakala wa forodha haiyaoni, na haipaswi kuyaona.

Hapo kwenye faragha ndipo maelezo, hata yakiandikwa kwa ustadi, yanapoishiwa nguvu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na wachuuzi wa mpakani huweka namba zao za simu kwenye matangazo ya mahindi na mchele. Kumwandikia wakala "usirudishe namba za simu" ni kumwomba. Namba hizo zifutwe na msimbo kabla matokeo hayajamfikia, kisha maelezo yamjulishe kwamba zimefutwa, asije akadhani tangazo halikuwa na mwenyewe.