Kijiji cha misheni cha Masasi

Kijiji cha misheni cha Masasi kilikuwa makazi ya watu waliokombolewa utumwani, yaliyoanzishwa mwaka 1876 kusini mwa Tanzania ya leo. Mwanzilishi wake alikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), chama cha Waanglikana wa Uingereza kilichokuwa na makao yake Unguja.

Kuanzishwa

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Watumwa waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza walikabidhiwa misheni, na wengi waliwekwa katika shamba la Mbweni. Baadhi yao walikuwa wametekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa. Oktoba 1876 Askofu Edward Steere, anayejulikana pia kwa vitabu vyake vya Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi lao ili kuwarudisha karibu na kwao. Walipita Lindi, wakaenda bara kwa miguu, na kuweka makazi Masasi.

Maisha ya kijiji

Watu walijenga nyumba na kulima mashamba yao. Palikuwa na kanisa na shule. William Percival Johnson alihudumu huko tangu mwanzo, na Chauncy Maples alimfuata mwaka 1877.

Kijiji kilifanana na parishi ya mashambani Uingereza, ambako maisha yalizunguka kanisa. Tofauti ilikuwa katika mamlaka. Kule Uingereza kesi zilikuwa na mahakimu wa serikali. Masasi padre alikuwa mchungaji na pia mwamuzi wa wanakijiji. Hivyo watu waliotoka chini ya mabwana walijikuta chini ya mamlaka ya wamisionari.

Shambulio la 1882

Septemba 1882, wiki chache baada ya kifo cha Steere, Wangoni walioitwa Magwangwara walikivamia kijiji. Baadhi ya wakazi waliuawa na wengine walitekwa, wakarudi katika hali ileile waliyokuwa wamekombolewa. Misheni ilijaribu kuwakomboa mateka. Maples alihamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Matokeo

Shambulio lilionyesha kwamba misheni haikuwa na nguvu ya kuwalinda watu wake. Baadaye kazi yake ilielekea zaidi kwenye vijiji vya wenyeji waliokuwa chini ya wakuu wao. Masasi ilirudiwa, na mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi. Kanisa kuu liko Mtandi.