Shahada, Cheti na Funzo la Mwaka 1974

Kila msimu wa maombi ya vyuo, wazazi wa Karagwe na Kyerwa huniuliza swali lilelile: kijana apendaye kompyuta asomee shahada kwa miaka mitatu, au atafute vyeti vya ufundi aanze kazi mapema? Swali hilo ni zito, kwa kuwa ada hutoka kwenye kahawa, ng'ombe, na wakati mwingine kipande cha shamba.

Ufalme wa Karagwe, wenye makao yake Bweranyange, uliutukuza ufuaji chuma hata nyundo na ng'ombe wa chuma wakawa miongoni mwa vitu vya kifalme. Mhunzi hakuwa na karatasi. Jembe lake ndilo lililomshuhudia. Dola ya kisasa ilikuja na desturi nyingine: kazi hutanguliwa na hati.

Mwaka 1974 taifa letu liliamua mambo matatu yanayogusa mjadala huu. Lilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Lilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Na mwezi Novemba, TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililomtaka mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza na kupata ushuhuda wa mwajiri kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini hoja yake ingali hai: masomo na kazi vithibitishane.

Kompyuta ziliporuhusiwa tena, tulizipokea tukiwa na njia mbili zisizokutana. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia ufundi stadi, huku vyuo vikuu vikiendelea na shahada zake. Mwaka 1998 Cisco ilianzisha cheti cha CCNA, ambacho leo mtihani wake hugharimu dola 300 za Marekani, nacho hudumu miaka 3 tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa.

Matokeo yake tunayaona. Serikalini, nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II hudai shahada; mwenye cheti peke yake huishia mlangoni, hata kama ndiye anayeweza kuufufua mtandao wa halmashauri uliozimika. Katika sekta binafsi, mwenye shahada asiyewahi kuunganisha mtandao hupitwa na aliyekwisha kufanya hivyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi ni hili: anayelenga utumishi wa umma asiikwepe shahada, ila asiisubiri imfundishe kazi. Asiyemudu ada aanze na ufundi, ajiendeleze kwa stashahada akiwa kazini.

Kwa watunga sera nina neno moja. Muundo wa utumishi uthamini cheti kilichothibitishwa pamoja na miaka ya kazi. Kumnyima fundi nafasi ya kupimwa kwa kazi yake ni kuwaadhibu wazazi wake kwa umaskini wao.