Kofia ya viua

Kofia ya viua ni kofia ya duara isiyo na ukingo, bapa kwa juu, inayodariziwa kwa mkono. Huvaliwa na wanaume wa Afrika ya Mashariki, mara nyingi pamoja na kanzu. Viua ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi.

Historia

Katika karne ya 19 mavazi ya pwani yalienea bara kupitia njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walirudi kutoka pwani na vitambaa, kama merikani na kaniki, pamoja na mitindo mipya ya kuvaa. Kofia ilikuwa alama ya uungwana: huko Zanzibar, kwa desturi, mtumwa hakufunika kichwa mbele ya bwana wake. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa kisheria visiwani, wengi waliopata uhuru walianza kuvaa kofia. Tanganyika, ikiwemo Tabora, sheria ya kukomesha utumwa ilitungwa mwaka 1922.

Uchaguzi

Leo kila mtu huchagua apendavyo. Kitambaa cheupe cha pamba hufaa joto; uzi huweza kuwa mweupe, wa hudhurungi au wa rangi nyingine inayopatana na kanzu. Kofia ya mkono huchukua wiki kadhaa kushonwa, hivyo ni ghali kuliko ya mashine. Ikiinuliwa kwenye mwanga, vitundu vyake huonekana vimepenya hadi upande wa pili. Ikishafuliwa hutiwa wanga ili isimame vizuri.