Je, kuapa na kulaani ni zambi? Mahubiri ya Antiokia, mwaka 387



Swali hili linatufikia mara nyingi hapa redioni. Mtu akisema "Haki ya Mungu!" pale soko la Kadutu au Virunga, ili mnunuzi amwamini, je, ametenda zambi? Na mama aliyemlaani mtoto wake siku ya kasirani, je, neno lile limekwisha kutoka, haliwezi kurudi? Wengine wanacheka wanapouliza. Wengine hawacheki hata kidogo, kwa sababu neno la namna hiyo limesimama kati yao na baba yao, au kati yao na ndugu yao, kwa miaka mingi.

Kabla ya kujibu, tunapenda kuwapeleka mbali kidogo, katika mji uliohubiriwa jambo hilo wakati wa hofu kubwa. Mji huo ni Antiokia, ule ambamo wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristu kwa mara ya kwanza. Leo mahali pale panaitwa Antakya, katika inchi ya Uturuki.

Mwanzoni mwa mwaka 387, amri ya Kaisari Theodosius ilisomwa mbele ya wakubwa wa mji: kodi mpya, nayo ilikuwa nzito. Watu wakalia. Kisha wakapiga kelele. Kisha wakatukana. Walianza na picha za Kaisari zilizochorwa juu ya mbao: wakazicheka, wakazitupia mawe. Kutoka hapo wakaziendea sanamu za shaba, yake mwenyewe, ya mke wake Flaccilla aliyekuwa amekwisha kufa, na za watoto wao. Wakazifunga kamba, wakaziangusha, wakaziburuta barabarani.

Tuangalie namna mambo yalivyofuatana. Mkono haukutangulia. Kinywa ndicho kilichotangulia, na mkono ukafuata nyuma.

Wakati ule, kuvunja sanamu ya Kaisari kulihesabiwa kama kumpiga Kaisari mwenyewe. Kasirani ilipopoa, hofu ikaingia. Watu walikamatwa, wengine wakauawa. Wengi walikimbia mji, wakajificha mashambani na milimani. Wajumbe wa Kaisari walipofika, waliifunga michezo na nyumba za kuogea, wakawatia wakubwa wa mji gerezani, na Antiokia ikanyanganywa heshima yake ya mji mkuu. Watu waliulizana: Kaisari atasema nini? Ataamuru tuuawe sote? Askofu wao Flavianus, mzee, alimwacha dada yake mgonjwa karibu kufa, akafunga safari ndefu wakati wa baridi kwenda Konstantinopoli kuomba huruma. Mji mzima ukabaki ukingoja neno moja kutoka kinywa cha mtu mmoja.

Aliyebaki kuwalinda watu ni padri aliyekuwa amepewa upadri mwaka mmoja tu nyuma. Jina lake Yoane. Baadaye watu walimwita Krizostomo, maana yake Kinywa cha Zahabu. Alinyamaza siku saba, kama rafiki za Yobu walivyonyamaza mbele ya taabu yake. Kisha akapanda kuhubiri, na wakati wa Kwarezima akaendelea kuhubiri. Mahubiri yake ya siku zile yamehifadhiwa hata leo. Kwa kawaida yanahesabiwa 21.

Sasa, padri angehubiri nini mbele ya watu wanaongoja kufa? Yoane aliwafariji, ndiyo. Aliwaambia kwamba kifo si mwisho na kwamba Mungu hajawaacha. Lakini mara kwa mara, alipofika mwisho wa mahubiri, alirudia jambo moja: acheni kuapa. Leo kuapa, kesho kuapa. Watu wakachoka. Yeye akawajibu kwamba hatanyamaza juu ya jambo hilo mpaka walitengeneze. Katika moja ya mahubiri yale aliwapa amri tatu za Kwarezima: wasimseme mtu yeyote vibaya, wasimhesabu mtu yeyote kuwa adui, na waiondoe kabisa kinywani desturi ya kuapa. Kufunga nyama na samaki kuna faida gani, aliuliza, ikiwa mtu anaendelea kumla ndugu yake kwa maneno?

Kwa nini alishikilia jambo linaloonekana dogo namna hii? Tunapoyasoma mahubiri yake tunaona sababu tatu.

Ya kwanza: kiapo kinamfunga mtu katika jambo asilolitawala. Yoane aliwakumbusha mfalme Herode, aliyeapa mbele ya wageni wake, kisha akaona haya kurudi nyuma, na kichwa cha Yoane Mbatizaji kikaletwa katika sahani. Aliwakumbusha mfalme Sauli, aliyeapisha askari wasile kitu mpaka jioni, na mtoto wake Yonatani, ambaye hakusikia kiapo kile, akaonja asali. Kidogo tu baba angemwua mwana wake. Kisha akawaonyesha mambo ya nyumbani mwao wenyewe. Mtumishi anakosa kidogo wakati wa chakula. Mke anaapa: "Lazima apigwe!" Mume anaapa: "Hatapigwa!" Sasa wafanye namna gani? Wakifanya hivi au vile, mmoja lazima awe mwongo mbele ya Mungu. Wote wawili wameingia katika mtego walioutega kwa vinywa vyao.

Ya pili: watu waliapa kwa kuweka mkono juu ya Injili. Yoane aliwauliza: kitabu hicho mnachokishika kinasema nini ndani? Kinasema msiape. Ninyi mnakiheshimu kwa mkono na kukivunja kwa mdomo. Hapo hata sisi tunapaswa kujiuliza, kwa maana Biblia inashikwa sana na inafunguliwa kidogo.

Ya tatu ni yetu, tunayoiona katika mambo yenyewe. Watu wa Antiokia hawakuwa na uwezo juu ya Kaisari, wala juu ya askari, wala juu ya kodi. Waliwezana na kitu kimoja: ulimi wao. Na ulimi huo ndio ulioanzisha taabu yao. Kuutengeneza hakukuhitaji feza, wala safari, wala ruhusa ya mkubwa yeyote. Padri yule hakuwa anawatoa watu katika shida yao ili awafundishe adabu ndogondogo. Alikuwa anawaonyesha mlango pekee ambao ufunguo wake ulikuwa mikononi mwao.

Aliwapa na dawa. Kila utakapoapa bila kufikiri, ujipe azabu wewe mwenyewe: ukose chakula cha jioni. Aliwapa mfano wa mtu aliyekuwa na desturi mbaya ya kutikisa bega anapotembea. Akaweka visu vikali pembeni ya mabega, na hofu ya kuumia ikamponya. Desturi ilikuja kidogo kidogo, na inaweza kuondoka kidogo kidogo.

Lakini tuseme kweli yote. Kuna mahali ambapo hatumfuati. Katika mahubiri ya kwanza, kabla ya sanamu kuangushwa, Yoane aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wakimsikia mtu akimtukana Mungu barabarani wamkaripie, na ikilazimika wampige usoni. Sisi tunaoishi hapa tunajua namna gani kundi la watu linaanza kwa kofi moja na kumaliza kwa moto. Kinywa hakiponywi kwa ngumi. Mtakatifu naye ni mwanadamu, na Kanisa linamheshimu bila kufuata kila neno alilosema.

Mambo yaliishaje? Flavianus alifika mbele ya Kaisari akamwomba. Theodosius, ambaye angeweza kuufuta mji kwa neno moja, alitoa neno la kusamehe. Habari njema ilipofika, Waantiokia walipamba mahali pao pa mkutano kwa maua na kuwasha taa, na mzee Flavianus alirudi wafanye Pasaka pamoja. Mji ulioponzwa na kinywa uliokolewa na kinywa.

Miaka michache baadaye, upande wetu wa Afrika, askofu mwingine alipambana na swali lilelile. Ni Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika inchi inayoitwa leo Algeria. Yeye hakusema kwamba kila kiapo ni zambi. Aliona kwamba Mtume Paulo mwenyewe, katika barua zake, alimwita Mungu kuwa shahidi. Zambi kubwa ni kuapa uongo. Lakini anayezoea kuapa anatembea kandokando ya shimo, na asiyeapa yuko mbali nalo. Tena Augustino aliwakiri waumini wake kwamba yeye pia alikuwa na desturi hiyo, na kwamba alipigana nayo mpaka akaishinda kwa msaada wa Mungu. Askofu mkubwa namna ile hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu wake.

Tangu hapo Wakristu wamekwenda kwa njia mbili. Kanisa Katoliki limekubali kiapo katika jambo kubwa, mbele ya tribinali kwa mfano, mradi kiwe cha kweli, cha busara na cha haki. Wengine wamekataa kabisa. Mwaka 1527, kule Schleitheim, Waanabatisti waliandika kwamba mfuasi wa Kristu haapi hata kidogo. Wamenoni wametoka katika ukoo huo, na tunao ndugu zetu Wamenoni hapa kwetu, katika Kasai, tangu mwanzo wa karne ya 20. Katika Uingereza, Wakweka wengi walifungwa gerezani kwa sababu walikataa kuapa, mpaka sheria ya mwaka 1696 ikawaruhusu kutoa neno lao tu bila kiapo. Njia ni mbili, lakini zinakutana mahali pamoja: Mkristu awe mtu ambaye "ndiyo" yake inatosha. Kama ni lazima tuongeze jina la Mungu ili tusadikiwe katika bei ya ndoo ya mihogo, basi neno letu lenyewe limekwisha kupungua uzito.

Sasa tujibu. Kutumia jina la Mungu kwa uongo ni zambi nzito. Kulitumia ovyo, kwa mchezo na kwa biashara, ni kulikosea heshima, hata kama jambo lenyewe ni la kweli. Kuapa kwa kweli katika jambo kubwa, kama vile Rais wetu anavyoapa mbele ya Mungu na taifa, Kanisa halikukataza. Lakini aliyeapa hivyo ajue amemwita nani kuwa shahidi.

Na kulaani? Hapo hatuna njia mbili. Mtume Yakobo alishangaa namna kinywa kimoja kinavyomsifu Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kumwombea mwenzako mabaya ni zambi, na ni zaidi mzazi anapomfanyia mtoto wake. Lakini wewe uliyelaaniwa, usikie hili: Mungu si mtumishi wa kasirani ya mtu. Kitabu cha Mezali kinafundisha kwamba laana isiyo na sababu ni kama ndege anayeruka tu, haitui. Na wewe mama uliyelaani, neno lako linaweza kurudi. Umwite mtoto wako, umwambie umekosa, umwekee mkono kichwani, umbariki. Usingoje siku ya kilio.

Kuna neno moja katika mitaa yetu lililo baya kuliko matusi yote: "mulozi". Linatupwa kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Linatupwa kwa mtoto yatima mwenye macho mekundu. Anayelitupa anaweza kulisahau jioni. Anayelipokea anaweza asione kesho. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inasema sheria itaazibu jambo hilo. Ni vizuri serikali iliandika. Lakini Kanisa lilikuwa na amri hiyo tangu zamani, na ni haya kwetu kama neno hilo linasikika hata katika shirika zetu, kati ya watu waliotoka sasa hivi kusali rozari.

Sisi pia tunaishi kama watu wa Antiokia. Kuna maamuzi mengi juu ya maisha yetu yanayofanyika mbali, na hatuulizwi. Tunangoja habari, usiku na mchana, redio mkononi. Tunapongoja hivyo, tuchukue zile amri tatu za padri Yoane na tuzijaribu juma hili nyumbani: tusimseme mtu vibaya, tusimhesabu mtu kuwa adui, tuache kuapa. Baba na mama wawaruhusu watoto kuwakumbusha wanapokosa, na wasikasirike wakikumbushwa. Anayeanguka leo aanze tena kesho. Hata Augustino alianza hivyo.

Bwana aweke mlinzi mlangoni mwa vinywa vyetu, na amani yake ikae katika nyumba zenu. Amina.