Bomba la Nzega na kesi iliyoambiwa imechelewa

Karne ya 19, msafara uliotoka pwani ukifika Unyanyembe, Tabora ya leo, ulikuta njia panda. Wa Ujiji walishika magharibi. Wa Karagwe na Buganda walipanda kaskazini, walikopita wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, na pembe za ndovu zilirudi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi.

Mzigo wa zama hizi uliopangwa kutoka Uganda ni mafuta ghafi, kwa bomba la kutoka Hoima hadi Tanga. Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora, kuna kiwanda kilichojengwa kuyavika mabomba gamba la kutunza joto, maana mafuta ya Hoima ni mazito: yasipobaki kwenye nyuzi joto 50 hivi, yanaganda kabla ya kufika Tanga. Bomba zima lina kilomita 1,443, na 1,147 kati yake ziko Tanzania.

Serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wake Mei 2017. Novemba 2020 asasi nne za Uganda, Kenya na Tanzania zikafungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, zikidai kwamba mradi unakiuka wajibu wa nchi hizo mbili kuhusu mazingira, tabianchi na haki za watu. Mawakili wa Serikali ya Tanzania wakaweka pingamizi la awali: muda umepita. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unampa mlalamikaji miezi miwili tu. Novemba 2023 majaji wakakubali pingamizi hilo. Novemba 2025 rufaa nayo ikatupwa. Hoja ya tabianchi yenyewe haikuamuliwa.

Miezi miwili! Hewa ya ukaa hukaa angani karne na karne, ila anayeilalamikia anahesabiwa siku kama mpangaji aliyepewa notisi. Ni kweli mchango wa Tanzania katika joto la dunia ni mdogo mno, na Nzega inahitaji ajira. Lakini wajibu upo kwenye vitabu vyetu wenyewe: kifungu cha 75 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinamtaka waziri achukue hatua, na Mkataba wa Paris tuliuridhia 2018.

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni kwamba hata kutoa leseni za kutafuta mafuta kunaweza kuitia nchi hatiani. Miezi miwili kabla, Umoja wa Wanasheria wa Afrika (PALU) ulikuwa umeiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ushauri kuhusu wajibu wa nchi za Afrika katika suala la tabianchi. Mahakama hiyo nayo iko Arusha. Mtanzania hawezi tena kuishtaki nchi yake huko moja kwa moja, kwa kuwa Serikali iliondoa Novemba 2019 ridhaa ya kushtakiwa hivyo. Ombi la ushauri halimshtaki mtu, kwa hiyo safari hii hakuna mshtakiwa wa kuinuka na kusema mmechelewa.