Diski ya TB 4 inasoma TB 2 tu? Usiifomati kabla ya kusoma hapa

Morogoro. Umepanda basi hadi Dar, umenunua diski ya TB 4 Kariakoo, umeshuka nayo Msamvu ikiwa salama kwenye begi. Unaichomeka kwenye kompyuta yako ya mtumba, inakuonyesha TB 2. Nusu ya ulichokilipia haionekani.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: wanampigia muuzaji simu kwa hasira, au wanabofya kila kinachojitokeza kwenye skrini hadi diski inafutika. Kwa mwanafunzi wa SUA au Mzumbe mwenye data za utafiti, au mpiga picha mwenye video za harusi ambazo hajazikabidhi, kosa hili la pili ndilo linaloumiza.

Kwa hiyo tulia kwanza, angalia namba uliyoiona. Namba hiyo ndiyo inayokuambia tatizo liko wapi.

Inasoma GB 931 badala ya TB 1

Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu TB 1 kuwa baiti trilioni 1, yaani kwa mafungu ya 1,000. Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024, ndiyo maana inaandika 931. Kwa hesabu hiyohiyo, diski ya GB 500 inasomeka 465 na ya TB 2 inasomeka 1.81. Hakuna cha kurekebisha.

Inasoma GB 127 au 128

Hii ni ishu ya kompyuta za zamani kweli, za enzi za mwanzo wa Windows XP. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vinavyoitwa sekta, kila kimoja baiti 512. Mashine za wakati ule zilitumia biti 28 kuzihesabu sekta hizo, na hesabu ikaishia GB 137, ambazo Windows inaziandika 128.

Ili ivuke hapo, Windows XP inatakiwa iwe na angalau Service Pack 1, iliyotoka mwaka 2002, na BIOS ya kompyuta iwe inazifahamu diski kubwa. Kama hakuna BIOS mpya ya mashine yako, weka diski kwenye kasha la nje la USB. Usilazimishe kuijaza hivyohivyo: XP isiyosasishwa inaweza kuharibu mafaili ikigusa mpaka huo.

Inasoma TB 2 wakati diski ni kubwa zaidi

Hii ndiyo inayowakuta wengi sasa. Chanzo ni MBR, mpangilio wa kugawa diski uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983. MBR inahesabu sekta kwa biti 32, hivyo inaishia TB 2.2, ambazo Windows inaziandika GB 2,048. Mpangilio mpya, GPT, hauna kikwazo hicho.

Fanya hivi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter.
2. Itafute diski yako. Kwa diski ya TB 4, ukiona sehemu moja ina GB 2,048 na nyingine ya kama GB 1,678 imeandikwa "Unallocated", basi tatizo ni MBR.
3. Kama kuna mafaili ndani, yahamishie kwanza kwenye diski nyingine na uyafungue kuhakikisha yamefika. Hatua inayofuata inafuta kila kitu.
4. Hakikisha tena namba ya diski. Kisha futa sehemu zake zote kwa "Delete Volume".
5. Bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye jina la diski upande wa kushoto, chagua "Convert to GPT Disk", halafu tengeneza sehemu mpya kwa "New Simple Volume".

Kama diski ni mpya kabisa, Windows itakuuliza mwanzoni: MBR au GPT? Chagua GPT, umemaliza.

Ikiwa bado imegoma, jaribu kasha jingine la USB. Baadhi ya makasha ya zamani nayo yanaishia TB 2. Na ukiitoa diski kwenye kasha lake ukaifunga ndani ya kompyuta, inaweza kuomba kufomatiwa ingawa mafaili yapo. Usikubali. Irudishe kwenye kasha lake kwanza uyatoe.

Kompyuta yako inaweza?

Windows XP ya kawaida ya biti 32 haisomi GPT. Windows 7 na kuendelea zinasoma bila shida kama diski ni ya kuhifadhia mafaili tu. Ila kuwashia Windows kutoka kwenye diski ya GPT kunahitaji mashine yenye UEFI.

Kama mashine yako ina BIOS ya zamani, njia rahisi ni hii: Windows ikae kwenye SSD ndogo, ya GB 120 au 240, na diski kubwa ibaki ya kuhifadhia mafaili.

Inasoma TB 16 kwa bei ya kutupa

Hapa geuza wasiwasi. Kuna diski feki ambazo ndani zina memori ndogo iliyodanganywa isome ukubwa mkubwa. Ukizijaza, mafaili yanapotea kimyakimya. Kabla hujaweka chochote, ipime kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huandika data hadi diski ijae kisha huisoma tena.

Ukiamua kwenda kwa fundi, mwambie mambo mawili kabla hajagusa kitu: namba uliyoiona kwenye skrini, na kama ndani kuna mafaili unayoyahitaji.