Gemu ya mtu mmoja na ng'ombe wa Mvumi



Binamu yangu wa Mvumi, kule Dodoma, kanitumia ujumbe: "Kaka, nataka kutengeneza gemu ya simu, peke yangu. Nianze na nini?" Mimi ni mwandishi wa habari, mambo ya programu nayaonea kwa mbali. Ila historia naifuatilia, na historia ya gemu Afrika Mashariki, pamoja na ufupi wake, ina jibu.

Tuanzie Nairobi. Kijana Wesley Kirinya aliacha chuo kikuu akaishika kompyuta. Mwaka 2007 akatoa The Adventures of Nyangi, gemu ambayo shujaa wake ni dada wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale vya bara letu. Mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts.

Twende kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. Lual Mayen, mtoto wa Sudan Kusini, aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hadi zikafika dola 300 za kumnunulia laptopu. Kuichaji tu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu! Kijana akajifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ambayo wewe mchezaji ni mkimbizi unayekimbia vita. Mwaka 2018 akatuzwa kwenye The Game Awards huko Marekani.

Mnaona kitu hapo? Hakuna kati yao aliyeanza na mtaji wa maana. Kila mmoja alianza na hadithi anayoijua. Na hilo neno "peke yangu" tulitumie kwa adabu: nyuma ya Mayen yuko mama.

Sasa Mvumi ina hadithi gani? Jamani, ipo, tena nzito.

Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Ardhi ilikuwa inakwisha, makorongo yanameza mashamba. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Mwaka 1986 ikafika zamu ya Mvumi. Mifugo nje!

Kwa Mgogo, ng'ombe ni maziwa, samadi, mahari, na akiba ya mwaka wa njaa. Wapo waliowapeleka kwa ndugu wa mbali, wapo waliouza. Upande wa pili, nyasi na miti vilirudi. Nani alikuwa na haki, aliyeokoa udongo au aliyetaka kubaki na zizi lake?

Gazetini ningepewa safu mbili na picha, na msomaji angechagua upande kabla ya kumaliza kusoma. Gemu inamfanya achague akiwa ndani ya kaya yenyewe. Una ng'ombe 20, mvua ya msimu mmoja tu, korongo linalosogea kila mwaka, na kijana anayetaka kuoa. Ukiwabakiza ng'ombe, shamba linakwenda. Ukiwaondoa, mahari unalipa na nini?

Kwa hiyo binamu, usianze na magari na bunduki za kuiga, kazi ambayo kampuni kubwa inaifanya na mamia ya watu. Anza na kaya moja, msimu mmoja. Programu ya kutengenezea isikutishe. Godot ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu tangu 2014. Na kabla ya hiyo, chora kaya yako kwenye karatasi, kete za bao ziwe ng'ombe, ucheze na wenzako. Kanuni zikichosha mezani, kwenye simu hazitachangamka.

Ila kuna jambo moja halisubiri. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1986 leo ana miaka kama 70 hivi. Wazee hao ndio wanaojua ng'ombe walikwenda wapi, nani alibaki na wangapi, na mwaka uliofuata watoto walikunywa nini. Programu utajifunza hata mwakani. Wazee kaongee nao wiki hii.

Au nyie wadau mnasemaje?